Nilitaka usukani mzito, nikapata usiorudi

Gari langu ni sedani ya mwaka 1991, inasukumwa na tairi za nyuma, na ina pawa steringi ya mafuta, ile yenye pampu inayozungushwa na mkanda. Lilinifikia likiwa limeshapita mikono kadhaa. Bodi safi, injini imetulia, na usukani wake ungeweza kuuzungusha kwa kidole kidogo. Siku ya kwanza niliusifu sana usukani huo.

Siku ya tatu nikaingia nalo barabara kuu. Mshale ulipokaribia kilomita 100 kwa saa nilijikuta nimeukamata usukani kwa mikono miwili, mabega yamenyanyuka, kama mtu aliyebeba sinia la glasi zilizojaa. Gari lilikuwa linaelea. Lori likinipita, upepo wake unanisukuma, nami narekebisha; marekebisho yanazidi, nayarekebisha tena. Safari ya saa mbili ilinishusha na shingo iliyokaza. Nilishangaa kuchoshwa na usukani mwepesi kiasi kile, mpaka nilipokuja kuelewa kwamba kazi yangu safari nzima haikuwa kuuzungusha. Ilikuwa kuuzuia.

Basi nikajipa jibu mwenyewe: usukani ni mwepesi mno, dawa yake ni kuutia uzito. Jibu hilo lilinigharimu miezi mitano, jozi ya tairi za mbele na raki nzima ya steringi, ile fimbo yenye meno inayosukuma tairi kushoto na kulia.

Nieleze kwanza yanayotokea ndani, maana ningeyajua mapema nisingegusa vitu nilivyogusa. Kwenye pawa steringi ya mafuta, kati ya fimbo inayoshuka kutoka kwenye usukani na meno ya raki, kuna kichuma chembamba kuliko penseli ambacho kazi yake ni kusokoteka. Ukikata kona, tairi zinakaidi kidogo, kichuma kinajisokota nyuzi chache, na msokoto huo unafungua matundu ya valvu. Mafuta yenye presha yanaingia upande mmoja wa pistoni iliyo ndani ya raki na kuisukuma. Ukilazimisha zaidi, valvu inafunguka zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito unaousikia mkononi imeamuliwa kiwandani: kichuma chembamba, usukani mwepesi; kichuma kinene, usukani mzito.

Na kwa miaka mingi viwanda vilitaka wepesi. Chrysler ilipoanza kuuza pawa steringi kwenye Imperial mwaka 1951, wepesi ndio uliokuwa anasa yenyewe, na magari makubwa ya Marekani ya miaka ya 1960 na 1970 yalijulikana kwa kukatwa kona kwa kidole kimoja. Wanaoyaendesha leo wana njia: wananunua boksi la steringi lililofumuliwa na kuwekewa kichuma kinene zaidi. Kwa gari kama langu hakukuwa na kitu hicho, nikaamua kubuni.

Kosa la kwanza lilikuwa la mkono wangu, sina fundi wa kumsingizia. Asubuhi moja nilifungua boneti, nikalegeza pampu ya steringi, nikauchomoa mkanda wake. Nilijiambia: msaada ukiondoka, uzito utakuja. Kabla ya kuuchomoa nilichukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari, nikaifunga kwenye ukingo wa usukani na kuvuta huku injini inanguruma na gari limesimama kwenye sakafu laini. Kilo 1.8. Baada ya kuutoa mkanda nikavuta tena. Mizani yangu mwisho wake ni kilo 25, na ilifika mwisho tairi hazijajongea.

Hiyo ingetosha kunionya. Haikutosha. Niliingia barabarani, na gari lilipokwisha kushika mwendo mambo yakaonekana mazuri, hata nikatabasamu. Tatizo la kwanza lilikuwa katikati. Ukigusa usukani kidogo, hakuna kinachotokea, kama vile unazungusha kijiti kilichofungiwa mpira. Halafu ghafla chuma kinagota chuma na tairi zinageuka. Ni kile kichuma kinachosokoteka. Pampu ikiwa imelala, mkono wako lazima ukimalize kwanza kukisokota mpaka kifike kwenye vizuizi vyake, ndipo nguvu ifike kwenye meno. Nilikuwa nimepata uzito na nimepoteza hata ile taarifa kidogo niliyokuwa nayo.

Tatizo la pili ni hesabu ya mizunguko. Usukani wangu unakwenda mizunguko mitatu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Magari ya umri huo yaliyotengenezwa bila pawa mara nyingi yalipewa mizunguko minne au zaidi, ili dereva apate nguvu kwa kuzungusha mara nyingi. Kuzima pampu hakukupi gari lisilo na pawa. Kunakupa gari la pawa lililoharibika. Nilipojaribu kuegesha kati ya magari mawili nilisimama mara mbili kupumua, na jirani aliyekuwa akipita aliniuliza kwa huruma kama nimeishiwa betri.

Niliendelea na ukaidi huo siku tisa. Siku ya tisa nikakuta matone mekundu chini ya gari, upande wa raki. Mkanda ukarudi jioni ile ile. Wapo wanaoondoa pawa kwa usahihi: raki inafunguliwa, sili ya pistoni inatolewa, kichuma kinafungwa kisisokoteke tena, ndani panapakwa grisi. Hiyo ni kazi ya fundi wa raki mwenye meza safi, na hata hivyo mizunguko inabaki mitatu. Na kama unafikiria kujaribu nilichojaribu mimi, angalia kwanza mkanda huo unazungusha nini kingine. Kwenye magari mengine ndio huo huo unaoendesha pampu ya maji. Ukiutoa, injini itachemka kabla hujaanza kujadili habari za uzito.

Kosa la pili nililinunua. Nilikwenda gereji, nikamwambia fundi nataka usukani uwe mzito. Sikumwambia gari linaelea, wala kwamba linavuta kushoto. Nilimpa dawa badala ya kumpa ugonjwa, na fundi akafanya nilichomtuma. Alijilaza chini ya gari na spana moja, akatafuta nati iliyo mgongoni mwa raki, akabana, akatoka akijifuta mikono. Dakika kumi. Nikaugusa usukani: mzito! Nililipa nikiwa na furaha ya mtoto.

Nyuma ya nati ile kuna springi na kipande kinachokandamiza fimbo ya raki ili meno yake yashikane na pinioni, ile gia ndogo iliyo mwisho wa fimbo ya usukani, bila kuachana. Kubana kunaongeza msuguano. Ukishikwa na kiu ya uzito, msuguano unaonja kama uzito, na hapo ndipo wengi tunadanganyika.

Kilomita mbili mbele kulikuwa na kona ndefu ya kulia. Niliikata vizuri. Kona ilipoisha nililegeza mikono, kama dereva yeyote anavyofanya bila kufikiri, usukani ujirudie wenyewe. Haukurudi. Ulibaki pale pale nilipouacha, na gari likaendelea kukata kulia wakati barabara imeshanyooka, kuelekea upande wa wanaokuja. Niliuvuta kwa nguvu, nikauvuta kupita kiasi, gari likaruka kushoto, nikaurudisha tena. Hakuna aliyekuwa mbele yangu. Niliegesha pembeni, nikazima injini, nikakaa na mikono yangu mapajani inatetemeka.

Wiki mbili baadaye, hata baada ya nati kulegezwa, ukiukata usukani mpaka mwisho raki ilikuwa inakwaruza, na matone mekundu yamekuwa kidimbwi. Sababu nilikuja kuelezwa baadaye: raki ya gari la zamani huchakaa zaidi katikati, kwa kuwa muda mwingi gari linakwenda moja kwa moja. Ukiibana mpaka ulegevu wa katikati uishe, sehemu za mwisho, ambazo meno yake bado yana unene wa kiwandani, zinabanwa kupita kiasi. Nati hiyo ina kipimo chake kwenye kitabu cha gari, na haikuwekwa pale iwe kiongeza uzito.

Nilimpata fundi wa pili kwa sababu ya kidimbwi hicho. Mzee wa makamo, maneno machache. Nilianza kumweleza hadithi ya uzito, akaninyanyulia kiganja. Akachuchumaa kwenye tairi la mbele.

"Weka mkono. Pitisha kutoka ndani kuja nje."

Nikapitisha. Laini.

"Sasa rudi."

Mkono ulikwaruzwa, kama kupitisha kiganja kwenye msumeno kinyume cha meno yake.

"Tairi hili linaburuzwa ubavu kila linapozunguka," akasema. "Umeweka upepo kiasi gani?"

Nikamwambia psi 40, kwa sababu niliwahi kusikia upepo mwingi unapunguza ulaji wa mafuta. Akafungua mlango wa dereva, akanionyesha kibandiko: mbele 29. Tairi lililojazwa kupita kiasi linakanyaga ardhi kwa eneo dogo, linazunguka kirahisi mahali pamoja na linarukaruka kwenye matuta madogo. Kitu cha kwanza alichokifanya kwenye gari langu, bila malipo, kilikuwa kupunguza upepo. Gari lilibadilika pale pale, kidogo lakini kwa wazi. Nasisitiza: alishusha hadi kwenye kibandiko, tairi zikiwa baridi, si chini yake. Upepo pungufu nao unaleta uzito, lakini ni uzito wa matope: tairi linajikunja pembeni, linapata joto, na usukani unajibu kwa kuchelewa.

Kisha akalinyanyua gari mbele, akaliweka juu ya stendi, akamwita kijana wake ashike tairi na kulitikisa. Mimi akaniambia niingize mkono chini, kwenye tairodi, ile fimbo inayotoka kwenye raki kwenda kwenye tairi.

"Shika hapa, kwenye kiungo cha tairodi. Unasikia?"

"Nasikia, mzee."

"Unasikia nini?"

"Kama kuna kitu kinagonga ndani."

"Basi huo ndio wepesi wako, kijana."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi. Kwa miezi nilikuwa nikiita wepesi kitu ambacho kilikuwa ulegevu. Usukani mwepesi uliokaza unaweza kuendesha nao siku nzima. Utajifunza kuugusa kwa vidole na mwisho utaupenda. Usukani uliolegea, hata ukiuongezea uzito mara tatu, utaelea tu, ila sasa utaelea kwa jasho. Mkono wangu ulikuwa ukipeleka amri, na amri hiyo ilikuwa inapita kwenye vyumba vinne vyenye milango iliyobomoka kabla ya kufika barabarani.

Alivihesabu kwa sauti, kijana wake akiandika kwenye kipande cha boksi. Tairodi endi ya kulia imekufa. Boljointi ya chini kushoto, kile kiungo ambacho tairi hugeukia, imekwisha. Kipande cha mpira kinachounganisha fimbo ya usukani na raki kimelowa mafuta yanayovuja na kimekuwa laini kama ulimi. Na bushi za zile fimbo mbili ndefu zinazotoka kwenye mkono wa chini wa tairi kwenda mbele kwenye chesesi: mpira wake umepasuka kuzunguka pande zote, unaweza kuingiza ncha ya bisibisi. Kila nikikanyaga breki, tairi zima lilikuwa linarudi nyuma kidogo, na ukiachia linarudi mbele.

Halafu akasimama mbali, akaliangalia gari kwa ubavu, akauliza aliyeniuzia alikuwa anabeba nini. Sikujua. Akanionyesha: nyuma kumewekwa springi ngumu za kubebea mzigo, na za mbele zimechoka. Gari limeinamisha pua. Mimi niliona ni sura ya ukali tu, kumbe ule mwinamo ulikuwa unakula kitu ambacho sijawahi kukisikia jina lake: kasta.

Kasta ndiyo iliyokuwa jibu la swali langu tangu siku ya kwanza. Tazama tairi dogo la toroli la kubebea mizigo. Unalisukuma, lenyewe linajipanga nyuma ya mhimili wake na kunyooka, hulielekezi. Tairi za mbele za gari zina tabia hiyo kwa sababu mhimili unaogeukia umeinamishwa, kichwa nyuma na miguu mbele, hivi kwamba ungeuchora mpaka chini ungegusa ardhi mbele ya pale tairi linapokanyaga. Mwinamo huo wa mhimili ndio kasta. Tairi linafuata nyuma, na likigeuzwa linataka kurudi. Kurudi huko ndiko kunakosukuma kiganja chako kwenye kona. Huo ndio uzito niliokuwa nautafuta: unakua mwendo ukikua, unakua kona ikikaza, na mwisho wa kona unaurudisha usukani nyumbani. Ukiinamisha gari zima mbele, unaunyoosha mhimili na kuumaliza uzito huo. Kwa gari ambalo kati ya tairi za mbele na za nyuma pana milimita 2,600, tofauti ya milimita 45 kati ya kimo cha mbele na cha nyuma inaondoa karibu nyuzi moja nzima.

Karatasi ya kwanza ya alaimenti, yaani upimaji wa pembe za tairi, kabla ya kubadilisha chochote, ilisema kasta nyuzi 1.1 kushoto na 1.6 kulia. Kitabu cha gari kilitaka 3, na tofauti ya kushoto na kulia isizidi nusu. Gari huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo, kwa hiyo hata ule mvuto wa kushoto ambao sikumtajia fundi wa kwanza ulikuwa umeandikwa pale.

Kazi yenyewe nitaipitia haraka. Raki ikaenda kukarabatiwa, na bili yake peke yake ilikaribia nusu ya gharama zote. Hiyo ni ada ya dakika kumi za spana. Tairodi endi zote mbili, boljointi zote mbili, bushi na kile kipande cha mpira, vyote pamoja havikufikia bei ya jozi ya tairi nilizolazimika kununua kwa sababu za zamani zilikuwa zimeshaliwa. Springi za mbele mpya, za nyuma zikarudishwa za kawaida. Ushauri mmoja wa mzee niliuona mdogo, nao umeniokoa bushi: nati za bushi usizikaze moja kwa moja gari likiwa limening'inia. Lishushe likanyage chini kwa uzito wake, litikise, ndipo ukaze. La sivyo mpira unafungwa ukiwa umejisokota na utapasuka mapema.

Baada ya hapo alaimenti ikasoma 2.3 na 2.4, na gari lilikuwa limeshakuwa gari. Mtu mwenye busara angesimama hapo. Mimi nilikuwa nimeonja, nikamwomba mzee aongeze. Kwenye gari langu inawezekana, kwa sababu zile fimbo ndefu zina nyuzi za skrubu mwishoni. Ukizifupisha, sehemu ya chini ya tairi inavutwa mbele na kasta inaongezeka. Magari mengine yanataka bushi maalumu au vishikio vya juu vya shokapu vinavyosogezeka, na mengine hayatoi nafasi kabisa. Tulifika 4.5. Barabarani palikuwa patamu. Nilipoingia nyumbani na kukata mpaka mwisho, nikasikia mkwaruzo: tairi limesogea mbele zaidi ya sentimita mbili, linakula plastiki ya ndani ya bampa. Tukarudi hadi 3.6 pande zote mbili, na hapo ndipo palipo leo. Kila ukigusa kasta, mwelekeo wa tairi nao unahama, hivyo alaimenti lazima ifanywe upya. Mimi nimelipia alaimenti mara nne. Mbili zilikuwa za lazima.

Nilichukua tena ile mizani. Gari limesimama, injini inawaka: kilo 2.3. Nusu kilo tu juu ya pale nilipoanzia! Mke wangu, ambaye ndiye hulipaki mara nyingi, hakuona mabadiliko yoyote wakati wa kuegesha. Lakini kwenye barabara kuu nilihisi nimebadilishiwa gari. Mkono mmoja unatosha, mabega yameshuka, na lami ikibadilika kutoka laini kuwa ya kokoto, viganja vinajua kabla ya masikio. Mizani inapima gari lililosimama, na mimi nilikuwa nalilia uzito wa gari linalokwenda.

Jaribio moja nililifanya kwa tamaa tu. Rafiki yangu alinieleza kwamba kwenye mlango wa mafuta wa pampu kuna tundu dogo linaloamua mafuta mangapi yaende kwenye raki kwa dakika, na ukilipunguza, msaada unapungua. Ni kweli. Mzee alikubali kuniwekea kipande chenye tundu dogo zaidi, kwa sharti kwamba twende kwanza kwenye uwanja mtupu. Mwendo wa kawaida, usukani ulikuwa mtamu kuliko wakati wowote. Kisha akaniambia, "Sasa mtoto ameruka mbele yako." Nikaukata kushoto na kulia kwa haraka. Katikati ya kuukata, usukani ukakamata, mgumu kama ukuta, halafu ukaachia. Pistoni ilikuwa inakimbia kuliko mafuta yanavyoweza kuifuata. Kipande hicho kilitolewa jioni ile ile, na nakiweka kwenye droo kunikumbusha.

Mengine niliyoshauriwa: kumimina mafuta mazito ya gia kwenye kopo la steringi. Usifanye. Kopo lina maandishi yanayotaja mafuta yake, na kuna magari yanayotaka ATF, yaani mafuta ya gia za otomatiki, na mengine yanayotaka mafuta yao pekee. Sili ndizo zitakazolipia ubishi wako. Usukani mdogo: unafanya kazi, ni hesabu ya wenzo tu. Kutoka kipenyo cha milimita 390 kwenda 350 unaongeza nguvu ya mkono kwa asilimia 11 hivi. Lakini kama katikati ya usukani wako kuna eabegi, unaiondoa eabegi, na mimi sikuwa tayari kubadilishana uso wangu na asilimia 11. Tairi pana: zinaongeza uzito hasa wakati wa kuegesha, mahali ambapo hakuna anayeuhitaji, na barabarani zinafuata kila mfereji uliochimbwa na malori.

Na kama gari lako ni la miaka ile ambayo pawa ilianza kusikiliza mwendo, yaani usukani mwepesi wakati wa kuegesha na mzito barabara kuu, anza na waya. Kuna valvu ya umeme kwenye raki au kwenye pampu, na plagi iliyooza kwa kutu au sensa ya mwendo iliyokufa inaweza kuuharibu mpangilio huo wote. Mwenzangu mmoja alisafisha plagi kwa brashi, na kisa chake kikaishia hapo.

Kwangu kimebaki kitu kimoja. Nikienda moja kwa moja, usukani unakaa umeinama kidogo kulia, kiasi cha mshale wa dakika uliopita kumi na mbili kwa dakika moja. Kwenye alaimenti ya mwisho walizungusha tairodi ya upande mmoja tu. Nilitaka kuung'oa usukani niupachike upya jino moja nyuma. Mzee akanikataza: huko ni kuficha, raki haitakuwa katikati yake. Tairodi zote mbili zinazungushwa kiasi kile kile, moja ikifupishwa, nyingine ikirefushwa. Nimepangiwa Alhamisi asubuhi, na safari hii nitamwambia gari linafanya nini, basi.